Repita ya CB juu ya kilima cha mjomba: inaruhusiwa? Na itafanya kazi?

*"Habari za kazi, fundi. Mimi na kaka yangu tuko Marekani, tunafuga ng'ombe. Nyumba zetu zimeachana kilomita 16 hivi na katikati kuna kilima kirefu. Simu za mkononi huku hazishiki. Tuna redio za CB, zile za mawasiliano ya wananchi wa kawaida, nyumbani na kwenye magari. Nikiwa upande wangu nasikika vizuri, nikivuka kilima napotea. Mjomba wetu anakaa juu kabisa ya kilima hicho, umeme anao, na amekubali tuweke mtambo kwake. Nimeona video ya mtu aliyeunganisha redio mbili za CB: moja inapokea chaneli 5, nyingine inarusha papo hapo chaneli 35. Mwingine ana kikasha kinachorekodi sauti na kuirudia. Rafiki yangu ananiambia niachane na yote hayo, ninunue amplifaya ya wati 200. Sheria inasemaje? Kitafanya kazi? Na kama ardhi ni yetu wenyewe, nani atajua?"*

Ndugu yangu, nianze na jibu fupi ili usiingie dukani kabla hujamaliza kusoma. Marekani hairuhusu repita kwenye chaneli za CB, iwe ya redio mbili au ya kikasha. Ile ya redio mbili ingekusumbua mpaka uitupe, hata kama isingekatazwa. Kikasha kingefanya kazi kwa namna fulani, na ndiyo maana kinawashawishi wengi. Amplifaya ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni kosa na kwa kilima chako haisaidii karibu lolote. Lakini una kitu ambacho wenye repita halali hukilipia kodi kila mwezi: jamaa anayekaa kileleni, mwenye umeme na roho nzuri. Hicho hatutakiacha.

Naona pia kwamba shida yako si redio hasa. Unawaza gari likizima upande wa pili wa kilima, au mtu akiumia malishoni na hana wa kumwita. Kwa hiyo kila njia nitakayoitaja hapa nitaipima kwa swali moja: siku ya shida, itashika?

Kwanza tuelewane repita ni nini, maana wengi huidhania kuwa ni kiongeza nguvu, kwamba unatia wati 4 zinatoka 100. Sivyo. Repita ni sikio na mdomo vilivyopandishwa mahali pa juu. Inasikia kwenye masafa moja na wakati huohuo inasema yaleyale kwenye masafa mengine. Faida yake yote iko kwenye pale mahali iliposimama. Mafundi tuna hesabu ya haraka: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa redio. Antena ya gari iliyo mita 2 kutoka ardhini inakupa kama kilomita 5.8. Gari la kaka yako nalo lina 5.8 zake. Jumla haifiki 12, na hiyo ni kwenye tambarare, bila kilima. Sasa tuseme kilima cha mjomba kinapanda mita 120 juu ya malisho, na mlingoti wake una mita 10. Antena ya hapo inaona kilomita 47. Upeo huu si ukuta, na megahezi 27 hujipinda kufuata ardhi zaidi kidogo kuliko masafa ya juu. Hata hivyo hesabu inakuonyesha kwa nini kilima kinashinda wati.

Sasa sheria. CB ya Marekani iko chini ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, katika kanuni zinazoitwa Part 95. Ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Nguvu ni wati 4 kwa AM na FM, na wati 12 za kilele kwa SSB, yaani namna ya kurusha upande mmoja tu wa wimbi la sauti. FM yenyewe iliruhusiwa 2021. Leseni ya mtu mmoja mmoja iliondolewa 1983, na hapo ndipo watu wengi hupotoka: wanadhani kwa kuwa haihitaji leseni, basi ni uwanja usio na mwenyewe. Maana yake halisi ni kwamba kanuni zenyewe ndizo leseni yako. Ukizivunja huna kibali chochote cha kurusha.

Katika kanuni hizo, mambo matatu yanagusa mpango wako moja kwa moja. La kwanza na kubwa ni kwamba kituo hakiruhusiwi kujiendesha chenyewe bila mtu, isipokuwa pale ambapo huduma husika imepewa ruhusa hiyo kwa jina. CB haijapewa. La pili, huwezi kuiendesha redio ya CB kutoka mbali kwa kutumia redio nyingine, kwa hiyo ule ujanja wa kuweka CB kileleni na kuibonyeza ukiwa bondeni kwa redio ya masafa mengine nao umezibwa. La tatu, redio ya CB lazima iwe imeidhinishwa na FCC, na ukiifungua ndani ukabadilisha namna inavyorusha, idhini hiyo inakufa. Kuna na kanuni ndogo ambayo wengi hawaijui: mazungumzo yakifika dakika 5 mfululizo, mnanyamaza angalau dakika moja ili wengine wapate nafasi. Hiyo moja inakuonyesha CB ilikusudiwa iwe nini. Ni baraza la watu wote, kila mtu anapokezana na mwenzake, na hakuna mtambo unaokalia kiti usiku na mchana.

"Ardhi ni yetu, nani atajua?" Swali hili naulizwa mara nyingi, na nitalijibu bila kukutisha. Mawimbi hayajui uzio. Tena megahezi 27 ni masafa ya ajabu kidogo: jua likichangamka, tabaka la juu la anga huyarudisha chini kama kioo, na ruka moja linaweza kufika hata kilomita 4,000. Jua huwa na mzunguko wa miaka kama 11, na kilele cha huu tulio nao kilikuwa 2024. Kuna mchana ambapo jirani yako wa kilomita 20 hakusikii lakini mtu wa pwani ya mbali anakusikia kama mko chumba kimoja. Kituo kinachorusha chenyewe, kutoka sehemu ileile kila siku, ndicho rahisi kuliko vyote kutafutwa kwa antena ya kuelekeza. FCC ina haki ya kukagua kituo, kwa kawaida huanza na barua ya onyo, kisha hufuata faini. Ila nisikudanganye, maofisa hawazunguki vijijini wakiwinda CB, mara nyingi ni mtu aliyekerwa anayeandika malalamiko. Mimi sababu yangu ya kukukataza si hofu ya kukamatwa. Mtambo huo hautakupa unachotaka.

Turudi kwenye video ya redio mbili. Chaneli 5 na chaneli 35 zinaonekana mbali kwenye kitufe, lakini CB yote, kutoka chaneli 1 hadi 40, ina upana wa megahezi 0.44 tu. Sasa fikiria antena mbili kwenye paa la mjomba, zimeachana mita 10 au 11. Huo ni urefu wa wimbi moja tu la megahezi 27. Wati 4 zinazotoka kwenye antena ya kwanza zitafika kwenye ya pili zikiwa bado kama miliwati 25. Na hapohapo, redio ya pili inatakiwa isikie sauti ya kaka yako, ambayo ikifika kileleni inaweza kuwa mikrovolti nusu. Ukilinganisha nguvu hizo mbili, kelele ya jirani ni kubwa mara trilioni 5 kuliko mnong'ono unaotafutwa. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona ng'ambo ya bonde huku umeegemea spika ya harusi. Kipokezi kinazibwa masikio. Hata ukipunguza nguvu, kitumaji chochote humwaga kelele nyembamba pembeni mwa chaneli yake, na kelele hiyo inaangukia chaneli unayotaka kusikia. Hakuna chujio upande wa kipokezi linaloweza kuitoa, maana tayari imekaa juu ya masafa yale yale.

Nilijaribu kitu hiki nikiwa kijana, nikiwa na ujuzi mdogo na kiburi kingi. Redio mbili, antena mbili, waya wa sauti katikati. Zilianza kuzungumza zenyewe: ya kwanza ikifungua, ya pili inarusha, ya kwanza inasikia ile ya pili, inafungua tena, na tena, mpaka mojawapo ikanuka moto.

Repita za kweli hutatua tatizo hili kwa dupleksa, yaani seti ya mitungi ya chuma inayopitisha masafa moja na kuzuia mengine. Mtungi mzuri hukaribia robo ya urefu wa wimbi. Kwenye megahezi 462 robo hiyo ni sentimita 16, na dupleksa nzima unaibeba kwapani. Kwenye megahezi 27 robo ni karibu mita 2.75. Utahitaji mitungi kadhaa, kila mmoja mrefu kuliko mlango wa nyumba yako, na bei yake itakufanya ucheke. Njia nyingine ni kutenganisha: kipokezi kilima kimoja, kitumaji kilima kingine kilomita kadhaa mbali, halafu viunganishwe kwa redio ya masafa ya juu. Waredio wa ridhaa, wale wa burudani wenye leseni, hufanya hivyo kwenye bendi yao ya mita 10, jirani kabisa na CB. Huko repita hupokea megahezi 29.52 na kurusha 29.62, na nyingi zina vituo viwili vilivyotenganishwa. Kwa hiyo fizikia haikatai kabisa. Inadai ardhi, pesa na subira, na wanaolipa gharama hizo wana leseni inayowaruhusu.

Halafu kuna jambo ambalo video haikukuonyesha. Redio yako ya CB hupokea na kurusha kwenye chaneli ileile. Ili utumie repita ya chaneli 5 na 35, ungelazimika kuzungusha kitufe kila ukibonyeza maiki na kukirudisha kila ukiachia, au uwe na redio mbili garini. Jaribu kufanya hivyo ukiendesha usiku kwenye njia ya mawe. Isitoshe, redio za AM hazina ile toni ndogo isiyosikika ambayo repita huitumia kama ufunguo wa mlango. Skwelchi, yaani kile kizuia kelele kinachofunguka redio ikipata wimbi lolote lenye nguvu, pekee haichagui. Siku jua likichangamka, repita yako itafunguliwa na watu wa bara jingine, irushe maongezi yao kutwa nzima, na wewe usipate hata nafasi ya kusema "nimekwama".

Kikasha cha kurekodi, ambacho wengine hukiita kasuku, ni cha akili zaidi, nakikubali. Kinatumia redio moja na chaneli moja: unazungumza, kinarekodi tuseme sekunde 30, ukinyamaza kinayarudia. Kwa kuwa hakisikii na kusema kwa wakati mmoja, hakuna kuzibana masikio, wala dupleksa haihitajiki. Redio yoyote ya CB inakitumia. Tatizo ni kwamba kila sentensi inakula muda mara mbili, na aliye karibu anaisikia mara mbili, kwanza kwako kisha kwa kasuku. Kasuku wawili wakisikiana wanaweza kurudishiana neno moja mpaka mtu achomoe waya. Naye hana adabu ya kusikiliza kwanza kama chaneli ina watu. Zaidi ya yote, ni kituo kinachojiendesha chenyewe, na hapo tumerudi kwenye kanuni ya kwanza.

Kuhusu amplifaya ya rafiki yako sitachukua muda. Kutoka wati 4 hadi 200 ni desibeli 17, ambazo kwenye uwanda ni nyingi, lakini nyuma ya kilima zinamezwa. Na hata zikivuka, wewe utasikika na kaka hutamsikia, kwa sababu amplifaya haiongezi masikio. Sheria ya CB inaikataza moja kwa moja, iwe imewashwa au imefungwa tu kwenye kituo chako.

Kabla hujaanza kulalamika kwamba sheria ni ya ubahili tu, tazama Australia, ambako repita za CB zipo kihalali na zimejaa. Tofauti ni kwamba mwaka 1977 waliongeza CB ya pili kwenye UHF, karibu na megahezi 477, na wakaipangia repita mle ndani. Leo ina chaneli 80. Repita zinarusha kwenye chaneli 1 hadi 8 na kupokea kwenye 31 hadi 38, na kuna seti nyingine ya 41 hadi 48 na 71 hadi 78. Tofauti ya masafa ni kilohezi 750 daima. Chaneli 5 na 35 zimewekwa kwa dharura. Redio nyingi zinazouzwa zina kitufe cha repita, ukikibonyeza redio inajua yenyewe irushe wapi. Mtumiaji wa kawaida hahitaji leseni yake binafsi, lakini mwenye repita anakata leseni ya mtambo. CB yao ya megahezi 27 bado ipo pembeni, bila repita. Yaani hata wenye moyo mkunjufu kuliko wote hawakuiweka kwenye 27. Waliitafutia mahali ambapo mitungi ni midogo na anga haliruki, kisha wakaandika kanuni kwa ajili yake. Nilitaka ulione hili ili usihangaike kuipigania CB. Pale repita inapofaa, huwa imepangiwa nafasi tangu mwanzo.

Na Marekani nafasi hiyo ipo, inaitwa GMRS, huduma ya redio kwa matumizi ya familia. Iko kwenye megahezi 462 na 467, ina jozi 8 za chaneli za repita, kila jozi ikiachana megahezi 5, na inaruhusu hadi wati 50. Kanuni zake zinataja waziwazi kwamba repita inaweza kujiendesha bila mtu. Leseni haina mtihani. Unalipa FCC dola 35, inadumu miaka 10, mwombaji awe na miaka 18 au zaidi. Na hapa ndipo nilipotabasamu niliposoma barua yako: leseni moja inafunika familia, na kanuni zimeihesabu familia kama tunavyoihesabu sisi. Mke, watoto, wazazi, ndugu, wajomba, shangazi, wapwa, hata wakwe. Wewe ukiichukua, kaka na mjomba wamo. Mnachotakiwa ni kutaja ile alama ya kituo chenu mnapozungumza.

Repita ya GMRS kwa mjomba ndiyo njia ninayoipendekeza. Nisikupambie lakini. UHF haina huruma kwa vichaka vyenye majani mabichi, na kivuli cha korongo kwake ni kikali kuliko kwa CB. Kuna makorongo ambayo hata repita haitayafikia. Waya wa antena nao unadai heshima: waya mwembamba ambao kwenye CB ungepoteza nguvu kidogo, kwenye megahezi 462 ukiwa na mita 30 unaweza kumeza zaidi ya robo tatu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Weka pesa kwenye waya na antena kabla ya kuweka kwenye wati. Jozi ni 8 tu na ni za wote, kwa hiyo sikilizeni wiki nzima kabla ya kuchagua, kisha fungeni repita kwa toni. Msiiunganishe na repita nyingine kupitia intaneti, FCC imekwisha kueleza kwamba hairuhusu. Na msinunue kimakosa zile redio ndogo za FRS mkidhani ni kitu kimoja. Nyingi zinafanana kwa sura lakini haziingii kwenye repita.

Kabla ya kununua repita yenyewe, fanyeni jaribio la jioni moja. Mkishapata leseni, mjomba apande na redio moja ya GMRS mahali antena itakapokaa. Wewe zunguka na nyingine malishoni, kila sehemu unayoiogopa simama mzungumze. Mjomba anapokusikia, repita itakusikia. Mahali asipokusikia hakuna hela itakayoparekebisha, isipokuwa mlingoti mrefu zaidi. Na mtambo ukishawekwa, uendeshwe na betri ya volti 12 inayochajiwa na umeme, kwa maana dhoruba inayoangusha nguzo ndiyo hiyohiyo itakayokufanya uhitaji redio.

Je, mkitaka kubaki na CB? Inawezekana, na ni rahisi. Repita ya kwanza duniani ni mtu. Mjomba akiwa na CB nyumbani kwake, yeye anawasikia nyote wawili, na anaweza kumwambia kaka yako kwa mdomo wake mwenyewe kile ulichosema. Hakuna kanuni inayomkataza. Si mtambo, ni binadamu anayesikiliza na kubonyeza. Kasoro yake unaijua: mjomba hulala, mjomba huenda sokoni. Lakini kwa saa fulani za makubaliano, tuseme asubuhi na jioni, inafaa sana na haigharimu kitu. Kanuni inaruhusu antena ya CB ifike futi 60 kutoka ardhini, yaani mita 18.3, au futi 20 juu ya jengo ilipofungwa, yoyote iliyo kubwa zaidi. Urefu unahesabiwa kutoka ardhi ya pale pale, kwa hiyo kilima chote mnakipata bure.

Na magarini, angalieni antena zenu kabla ya kulaumu kilima. Antena fupi ya sumaku, ya nusu mita, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto. Robo ya wimbi ni karibu mita 2.75, na ndiyo maana wakongwe bado wana ule ufito mrefu wa inchi 102. Pimeni SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa, kwenye chaneli 1 na 40. Ikizidi 2 kuna kitu kimekaa vibaya, mara nyingi ardhi ya chuma pale antena ilipofungwa. Mkiwa na redio za SSB mtapata wati 12 badala ya 4, zote zikibeba sauti, hakuna zinazopotea kwenye wimbi tupu kama AM. Ni tofauti ya kweli, ila lazima mzoee kurekebisha sauti kwa kitufe, la sivyo kaka ataongea kama bata.

Leseni ya redio ya ridhaa nayo ni njia. Ile ya kwanza, Technician, ni mtihani wa maswali 35, unahitaji kupata 26, na Morse haitakiwi tangu 1991. Inakufungulia repita za VHF na UHF ambazo huenda tayari zinafika kwenu bila nyinyi kujenga kitu. Lakini kila anayebonyeza akiwa peke yake lazima awe na leseni yake, na mazungumzo ya biashara hayaruhusiwi, kwa hiyo kwa shughuli za ng'ombe mnaowauza itawabana. Kwa wewe binafsi, kama umevutiwa na haya, nakusihi uifanye. Kwa familia nzima, GMRS.

Kuna kazi ambazo hupaswi kuzifanya kwa kusoma maandishi yangu. Mlingoti ni mojawapo. Usisimamishe antena mahali ambapo ikianguka upande wowote itagusa waya wa umeme. Watu hufa hivyo kila mara, na mara nyingi wanakuwa wawili, aliyeshika na aliyekuja kumsaidia. Kupanda mnara mwite mwenye mkanda na uzoefu. Kilima ndipo radi inapopenda, kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni aje aunganishe ardhi ya mlingoti na ardhi ya nyumba ya mjomba, zisiwe mbili zisizojuana. Dupleksa usiiguse kama huna vifaa vya kuipimia, inunuliwe ikiwa imeshapangwa kwa jozi mliyochagua, au muipeleke kwenye klabu ya waredio iliyo karibu. Wazee wa klabu hizo hupenda kazi ya namna hii, watakuja na vifaa vyao na kutaka chai tu. Na kama siku moja utapata barua ya FCC, kwa kosa la zamani au kwa kusingiziwa, zima mtambo, jibu ndani ya siku zilizotajwa, na kama inataja faini tafuta wakili wa mambo ya mawasiliano kabla hujaandika neno.

Jambo la mwisho linahusu yule mtu aliyeumia malishoni. Redio ya familia, hata ikiwa na repita nzuri, inamfikia mjomba tu, na mjomba hana helikopta. Kila anayekwenda peke yake upande wa pili wa kilima awe na kitoa ishara cha dharura cha megahezi 406, kile kidogo cha kuning'iniza kiunoni. Kinaongea na satelaiti moja kwa moja, hakina malipo ya mwezi, na Marekani unakisajili bure kwa NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa. Hakikuruhusu kuongea, kinasema tu "nipo hapa, njooni".

Redio zenu za CB msiziuze. Mkitoka kwenda mnadani na trela, chaneli 19 bado ndiyo inayokwambia ajali iko maili ngapi mbele.